Kejeli ya Mtaani na Lugha ya Wakubwa: Mzaha wa Kisiasa Katika Kibera na Kongo ya Kawangware

1. Utangulizi

Wachunguzi wa fasihi simulizi ya Afrika ya Mashariki wameshughulika sana na methali, vitendawili, ngano na nyimbo. Utanzu mmoja, hata hivyo, umeachwa ukisimama nje ya mlango. Utanzu huo ni kejeli fupi, ya neno moja au machache, ambayo wakazi wa mitaa ya mji huitupia habari ya siku: wizi wa fedha za umma, chombo kipya kilichotangazwa na kampuni, au ahadi ya mwanasiasa. Kejeli hii haina mtunzi ajulikanaye, nayo aghalabu huhesabiwa kuwa upuuzi wa vijana wasio na kazi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu hiyo si ya haki. Kwa kutazama mitaa miwili ya Nairobi, yaani Kibera na ile sehemu ya Kawangware iitwayo Kongo, itadhihirika kwamba kejeli ya mtaani ina historia, ina kanuni zake za utungaji, na ina kazi maalumu: kuyarudisha kwa wenyewe maneno ambayo wakubwa wa dola na wa biashara wameyachukua.

2. Asili ya Utanzu

Kumkejeli mkubwa kwa Kiswahili si jambo lililozaliwa Nairobi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliyatumia mashairi yake kuwapiga vijembe maadui wa Mazrui katika ugomvi wao na Seyyid Said. Wataalamu wamekwisha kueleza jinsi mshairi huyo alivyoutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Na sokoni ndiko kejeli inakostawi, kwa kuwa huko kila msikilizaji ana haki ya kujibu.

Baada ya uhuru wa Kenya mwaka 1963, mwenendo huo uliendelea katika sura nyingine. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla aliandika kijitabu cha siri, Kenya: Twendapi?, ambacho jina lake peke yake lilikuwa shtaka. Kwa ajili yake alifungwa miaka mitatu, tangu 1969 hadi 1972, na matunda ya kifungo hicho ni diwani ya Sauti ya Dhiki iliyotolewa mwaka 1973. Katika miaka ya 1980 Wahome Mutahi aliwachekesha wasomaji wa magazeti ya Kiingereza kwa safu yake ya Whispers, naye pia alitiwa gerezani mwaka 1986. Basi tangu mwanzo mzaha na gereza vilikuwa majirani, na jambo hilo halina budi kukumbukwa na yeyote anayedhani kuwa kucheka ni kazi rahisi.

Tofauti kati ya watunzi hao na kejeli ya mtaani ni hii: wao walikuwa na majina, na kwa hiyo waliweza kukamatwa. Mtaa hauna jina la mtunzi. Neno hutamkwa kibandani asubuhi, likapandishwa ndani ya matatu, na jioni likawa mali ya mji mzima.

3. Mitaa Miwili na Majina Yake

Kibera yenyewe ni neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu. Askari Wanubi wa jeshi la Mwingereza walipewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya ishirini, lakini hawakupewa hati. Hati ya ardhi ya jumuiya yao, ya ekari 288, ilitolewa mwaka 2017, yaani baada ya zaidi ya miaka mia moja. Watu waliokaa karne nzima juu ya ardhi ambayo serikali haikuikiri kuwa yao hawangeweza kukosa ulimi mkali.

Ulimi huo huonekana kwanza katika majina. Vijiji vya Kibera ni pamoja na Soweto, Lindi, Kisumu Ndogo na Laini Saba. Huko Kawangware, kituo kimoja hujulikana kwa nambari ya gari, 46, na sehemu nyingine huitwa Kongo. Ramani ya wapimaji wa serikali haikuyabuni majina haya. Mkazi anayeitwa mtu wa Soweto amekwisha kulinganishwa, kwa neno moja tu, na mtu wa Afrika ya Kusini aliyetengwa pembezoni mwa mji wa matajiri. Jina limekuwa maoni.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa vyoo virukavyo. Kwa kukosa vyoo, wakazi walilazimika kujisaidia katika mifuko ya plastiki na kuitupa usiku. Waliochoshwa na aibu hiyo waliipa jina la chombo cha anga. Mzaha huo ulisafiri mbali kiasi cha kuingia katika Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006, iliyohusu maji. Hivyo istilahi ya wataalamu wa dunia ilitungwa na watu wasiokuwa na mfereji.

4. Kurudishwa kwa Kaulimbiu

Kanuni ya pili ya utungaji ni kuikamilisha kauli ya mkubwa. Mwaka 1(2009) wa mpango wa serikali ulioitwa Kazi kwa Vijana, vijana wa mitaa ya mabanda walipewa kazi za kuzibua mitaro na kufagia njia kwa ujira mdogo. Jina la mpango lilikuwa sentensi isiyo na kitenzi, na mtaa ukaiongezea nusu ya pili: kazi kwa vijana, pesa kwa wazee. Mwaka 2011 Benki ya Dunia iliondoa fedha zake katika mpango huo kufuatia tuhuma za matumizi mabaya. Itafaa kuangalia jinsi nusu hiyo ya pili ilivyotungwa. Haikukanusha kauli ya kwanza. Iliikubali, ikaifuata kwa mizani ile ile, na katika kuifuata ikaiangusha. Huu ni ufundi wa methali na wa majibizano ya kishairi, wala si lugha iliyoharibika.

Kanuni ya tatu inahusu makampuni. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa na Safaricom mwezi wa Machi 2007, kampuni za simu zimeivuna lugha ya Kiswahili kwa ustadi mkubwa, na hasa msamiati wa bahari. Mkopo wa muda wa maongezi uliitwa Okoa Jahazi. Akaunti ya akiba na mikopo, iliyoanza 2012, ikaitwa M-Shwari, yaani bahari tulivu. Na mwaka 2019 ikaja Fuliza, huduma ya kumwezesha mteja kutoa fedha asizokuwa nazo. Mtu wa Kongo ambaye hajapata kuiona bahari alijikuta akidaiwa kwa lugha ya mabaharia.

Katika Kiswahili cha zamani kufuliza, kama kufululiza, ni kutenda jambo bila kukoma. Kampuni ilikusudia wema: shughuli zako zisikatike. Lakini sikio la Mswahili halikosi kusikia jinsi neno hilo linavyokaribiana na kufilisi, na mdaiwa ambaye kila shilingi iingiayo inakatwa deni la jana ameyakuta maana yote mawili katika kitenzi kimoja. Leo kitenzi hicho kimerudi mtaani kikiwa na maana ya kuishi kwa deni, na aliyekitoa sokoni hawezi tena kukitawala.

Neno sambaza lilipata safari kama hiyo. Kampuni ililitumia kwa huduma ya kumgawia mwenzako muda wa maongezi. Katika mitaa ya mabanda likawa jina la umeme uliounganishwa kinyume cha sheria, unaogawanywa nyumba hadi nyumba kwa waya za kuning'inia. Hapa kejeli ina pande mbili. Inawacheka wenye umeme wasiowafikia maskini kwa bei wanayoiweza, na papo hapo inaificha hatari: waya hizo huua watu na kuchoma nyumba. Mzaha unaweza kufichua, na unaweza pia kuzoesha.

Mwaka 2023 ilikuja habari ya Worldcoin. Watu wa Nairobi walipanga foleni ndefu, pamoja na ile ya jumba la mikutano la KICC, ili mboni za macho yao zipigwe picha na chombo chenye umbo la mpira, wapate sarafu za kompyuta zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi. Serikali iliisimamisha kazi hiyo tarehe 2 Agosti 2023, na mwezi wa Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru habari za miili ya watu zilizokusanywa zifutwe. Kabla mahakama haijasema neno, mtaa ulikuwa umekwisha kusema lake: watu wameuza macho. Waheshimiwa walijadili hifadhi ya taarifa. Mtaa ulitaja mwuzaji, bidhaa na bei.

5. Majina ya Mkubwa

Kanuni ya nne ni kumbandika mkubwa jina. Kodi zilipopanda mwaka 2023, kodi ya mafuta ikatoka asilimia 8 hadi 16, Rais William Ruto aliitwa Zakayo, kwa kumbukumbu ya yule mkuu wa watoza ushuru katika Injili ya Luka aliyepanda juu ya mkuyu. Uzuri wa jina hili ni kwamba linabeba amri ndani yake, kwani kila aliyesoma kisa hicho anajua kwamba Zakayo aliambiwa ashuke. Mwezi wa Juni 2024 amri hiyo ilisikika barabarani; tarehe 25 waandamanaji waliingia bungeni, na siku ya pili yake mswada wa fedha ukaondolewa.

Mwishoni mwa mwaka huo likafuata jina la Kasongo, lililochukuliwa katika wimbo wa miaka ya 1970 wa Super Mazembe, bendi ya wanamuziki wa Kongo walioishi Nairobi. Kisha mwaka 2025 likaja wantam, yaani muhula mmoja, na wafuasi wa Rais wakajibu kwa tutam. Kwa mwanaisimu jambo hili ni la maana. Kiingereza cha katiba kimemezwa, kikatamkwa kwa matamshi ya mtaani, na mjadala mzima wa uchaguzi wa 2027 ukawekwa katika jozi ya maneno mawili yenye vina. Hayo ni majibizano, mtindo ule ule wa zama za Muyaka.

6. Gharama na Mipaka

Hata hivyo si haki kuusifu utanzu huu bila kutaja gharama yake. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya 2024. Mwezi wa Desemba mwaka huo mchoraji wa vikaragosi vya Rais alikuwa miongoni mwa vijana waliotekwa. Mwezi wa Juni 2025 mwalimu mmoja kijana, aliyekamatwa kwa sababu ya maneno aliyodaiwa kuandika juu ya afisa mkubwa wa polisi, alifia kizuizini Nairobi. Gereza la 1969 na la 1986 halikuondoka, limebadili mlango.

Wala si kila kejeli ya mtaani humwelekea mkubwa. Ulimi huo huo huweza kumgeukia jirani. Kibera iliteketea baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na Kawangware iliona moto na mapigano mwezi wa Oktoba 2017. Neno madoadoa, ambalo asili yake ni alama tu za rangi, lilitumiwa kwa watu wa makabila mengine waliohesabiwa kuwa doa katika nguo, na mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililitia katika orodha ya maneno ya chuki. Utungaji ni ule ule wa kubandika jina. Linalotofautiana ni mwelekeo. Kejeli impandiayo mwenye nguvu humpunguza. Kejeli imshukiayo mnyonge humtayarishia kifo.

7. Hatima

Yaliyoelezwa yanawapa wanaleksikografia na walimu wa fasihi kazi mbili. Ya kwanza ni kuyaandika maneno haya pamoja na tarehe na mazingira yake. Kamusi itakayoeleza fuliza bila deni, au sambaza bila waya, itakuwa imeandika lugha ya tangazo la biashara na kuiacha lugha ya watu. Ya pili ni kuutambua utanzu wenyewe na kuufundisha pamoja na mipaka yake, ili mwanafunzi ajue tofauti ya Zakayo na madoadoa.

Mahakama huchukua miaka, na tume za uchunguzi hutoa ripoti zinazowekwa kabatini. Kwa mkazi wa Kibera au wa Kongo, mara nyingi hukumu pekee aliyoiona ikitolewa kwa wakati wake ni ile ya neno moja la kibandani. Akitokea mwanahistoria wa kesho akataka kujua Wakenya wa mabandani waliionaje dola yao na makampuni yake, ataipata habari hiyo katika maneno hayo, ikiwa kuna mtu aliyejali kuyahifadhi.