Kilimia na Jirani Yake: Historia ya Jina Lililokosewa

Katika nchi ya Meru na Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mkulima hupata mvua mara mbili kwa mwaka: zile za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba. Katikati ya Novemba, wakati wa palizi, kundi la nyota liitwalo Kilimia huchomoza mashariki jua linapotua, likakaa angani usiku kucha. Jina hilo halihitaji mfasiri. Kitenzi lima cha Kiswahili ndicho rima cha Kimeru na Kiembu. Asili yao ni moja. Kundi hilo liliitwa kwa kazi ambayo watu huifanya wakiliona.

Kaskazini kidogo ya Kilimia upo mwanga mwingine usioonekana kwa macho matupu, ambao wanajimu huuita NGC 1514. William Herschel aliuangalia huko Uingereza tarehe 13 Novemba 1790. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuviita vitu vya namna hiyo nebula za kisayari, kwa kuwa katika darubini vilifanana na Uranus, sayari aliyoigundua mwaka 1781. Jina lilifuata sura, na sura ilidanganya: nebula hizo si sayari wala hazihusiani nazo.

Usiku huo ulimlazimisha Herschel kubadili rai. Awali aliamini kuwa kila nebula ni halaiki ya nyota zilizo mbali mno. Hapa aliona nyota moja, nayo imezungukwa na ukungu ung'aao ambao haukuweza kuwa nyota. Tarehe 29 Agosti 1864 William Huggins aliuchambua mwanga wa nebula nyingine ya aina hiyo, akathibitisha kuwa ni gesi. Mstari wa kijani aliouona ulikuja kudhaniwa ni wa elementi mpya, ikaitwa nebuliamu. Mwaka 1927 Ira Bowen alionyesha kuwa ni oksijeni iliyopokonywa elektroni mbili. Jina la nebuliamu likafa. La kisayari lingali hai.

Leo yajulikana kuwa nebula hizo ni gesi iliyotupwa na nyota iliyozeeka. Kiini kinachobaki, chenye joto la digrii 30,000 hadi zaidi ya 100,000, hutoa mionzi inayoing'arisha gesi hiyo kwa maelfu ya miaka, kisha gesi hutawanyika. Hata katika NGC 1514, nyota aliyoiona Herschel siyo iangazayo nebula. Mwenzake aliye moto zaidi, aliyefichwa na mng'ao wake, ndiye afanyaye kazi hiyo.

Basi watunzi wa istilahi wana la kuamua. Kulifasiri jina la Herschel neno kwa neno ni kulirithi kosa lake, na mwanafunzi wa Meru ataitafuta sayari isiyokuwapo. Kulitupa ni kumtenga na vitabu vya dunia. Istilahi na itumike, lakini ifundishwe pamoja na historia yake. Na panapohitajika jina jipya, Kilimia kimekwisha kuonyesha njia: kitu kiitwe kwa kazi yake.