Mgomo wa Reli ya Dakar na Niger, 1947–1948

Baada ya hesabu za fedha, na habari za wagonjwa, mazishi na karo za watoto, ni desturi ya kijitabu hiki kuweka kurasa chache kwa ajili ya historia. Mara hii tumechagua habari ya reli, lakini si reli yetu ya Mombasa na Kisumu ambayo wengi wetu tulilelewa kandokando yake. Twataka kuwapeleka wanachama na wazee wetu upande wa pili wa Afrika, hata Senegal, ambako madereva wa magari ya moshi na wenzao waliacha kazi kwa muda wa miezi mitano na zaidi.

Sababu ya kuchagua habari hii ni neno lisemwalo mara kwa mara katika mikutano yetu, kwamba kazi ya chama kama hiki ni kuzika na kufariji, na kwamba mambo ya mishahara ni ya vyama vya wafanya kazi. Neno hilo lina ukweli wake, wala hatukusudii kuvunja katiba yetu. Lakini katika mgomo huu mambo hayo mawili hayakuweza kutenganishwa kabisa, na mwenye kusoma habari zake ataona kwa nini.

Kwanza tukumbushane ya nyumbani. Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa, wapatao 15,000, waliacha kazi: wa bandari, wa reli, wa mahoteli, hata wapishi na maboi wa nyumbani. Walikutana kila siku kiwanjani, mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini. Mgomo ule ulikwisha katika muda usiotimia wiki mbili, baada ya Bwana Eliud Mathu, mjumbe wa Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, kufika na kuwaahidi kwamba madai yao yatachunguzwa. Bwana Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wao, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule, akahamishwa mbali. Miezi miwili baadaye ndipo reli ya Afrika ya Magharibi ya Kifaransa iliposimama. Hatudai kwamba watu wa Thiès walijifunza kwa watu wa Mombasa. Tunasema tu kwamba vita vilikuwa vimekwisha mwaka 1945, bei za vyakula na nguo zilikuwa zimepanda pande zote mbili, na watu wa pande zote mbili walikuwa wamechoka kwa namna moja.

Reli yenyewe ilikuwa ndefu. Ilianza Dakar pwani, ikapita Thiès palipo na karakana kubwa, ikaingia Sudani ya Kifaransa, ndiyo Mali ya leo, ikapita Kayes na Bamako, ikaishia Koulikoro kwenye mto Niger, karibu kilometa 1,290 kutoka baharini. Sehemu ya Kayes hata Koulikoro ilimalizika mwaka 1904, na kipande cha kuiunganisha na Thiès kikamalizika mwaka 1923. Reli nyingine tatu, katika Guinea, Cote d'Ivoire na Dahomey, zilikuwa chini ya usimamizi ule ule. Njugu za Senegal zilishuka bandarini kwa reli hiyo, na bidhaa za ng'ambo zilipanda bara kwa reli hiyo hiyo.

Wafanya kazi wake walikuwa wamegawanywa kwa tabaka. Juu kabisa walikuwako Wafaransa, ambao hawakutimia hata 500. Chini yao walikuwako Waafrika wachache walioandikwa katika daraja za utumishi. Chini ya hao wote walikuwako watu zaidi ya 15,000 walioitwa wasaidizi. Jina hilo lilikuwa jina tu. Huyo msaidizi aliweza kuwa dereva wa injini kwa miaka kumi na mitano, akajua kila mteremko wa njia na kila kisima cha maji, lakini katika vitabu vya reli alihesabiwa kama kibarua aliyeingia jana, na aliweza kuachishwa kazi kama kibarua. Kuwa ndani ya daraja kulikuwa na maana kubwa: kazi ya kudumu, mshahara upandao kwa miaka, na posho ya mke na watoto. Kuwa nje kulikuwa na maana kwamba serikali inamjua mtu huyo mmoja tu, wala haina habari kwamba ana nyumba inayomngoja.

Basi dai kubwa la wagomaji lilikuwa hili: daraja liwe moja kwa wote, mweusi na mweupe, kwa masharti yale yale. Msomaji asidhani kwamba waliomba kila mtu alipwe sawa na bwana mkubwa. Waliomba ngazi iwe moja, na kila mtu asimame kwenye kipandio kinacholingana na kazi yake.

Watu hawa walikuwa wamekwisha kuonja hatari ya kudai. Mwezi wa Septemba 1938 wasaidizi wa Thiès waligoma, askari wakapiga risasi, wakafa watu sita. Kiongozi aliyewaongoza mwaka 1947 alikuwa karani mmoja wa reli, Ibrahima Sarr, ambaye vijana wa Thiès walimweka mbele mwaka 1946 baada ya kuchoshwa na upole wa viongozi wa kwanza. Mwezi wa Aprili 1947 Rais wa Ufaransa, Vincent Auriol, alifika Dakar kwa ziara, na watu wa reli wakagoma siku zile zile. Hapana serikali ipendayo kuonyesha mgeni mkubwa stesheni tupu. Kwa haraka ikakubaliwa kwamba daraja moja ni jambo la haki. Lakini mgeni alipokwisha kuondoka, na hesabu zilipoanza kupigwa, baraza la wakurugenzi wa reli lilikataa yaliyokubaliwa. Sarr akazunguka stesheni hata stesheni, akatangaza siku: tarehe 10 Oktoba.

Siku hiyo ilipofika, kazi ilisimama katika reli zote nne. Watu wengi husema kwamba dereva ndiye aendeshaye gari la moshi, na ni kweli kwamba yeye akiweka chini vyombo vyake gari haliendi. Lakini wazee wetu waliofanya kazi reli wanajua kwamba injini ya mvuke haiwashwi kama taa. Kuna fayamani anayechochea moto kwa saa nyingi kabla ya safari, kuna mafundi wa kuosha boila, kuna wa pointi, kuna gadi, kuna genge la kukaza reli. Dereva Mfaransa aliweza kupatikana; hao wengine wote hawakuweza kupatikana kwa pamoja. Wenye reli walijaribu kuendesha magari machache kwa Wazungu wao na kwa watu wapya waliowaajiri, nayo mengine yalifika. Lakini huo haukuwa usafiri wa kutegemewa, na msimu wa njugu ulikuwa unakaribia. Bidhaa za kwenda Bamako zilikaa Dakar, na za kutoka Bamako zilikaa huko.

Serikali ilifikiri kwamba njaa itafanya kazi ambayo bunduki ilishindwa kufanya mwaka 1938. Haikuwa fikira ya kijinga. Watu zaidi ya 15,000 bila mshahara, pamoja na jamaa zao, ni midomo mingi; na akiba ya chama cha wafanya kazi isingeweza kuwalisha hata mwezi mmoja. Hapa ndipo tunapoomba wanachama wasome polepole.

Kwanza, watu wengi waliondoka mijini wakarudi vijijini kwao, ambako mavuno yalikuwa yanaingia ghalani. Mtu aliyekwenda kwa ndugu zake hakuwa na haja ya kulipwa posho ya mgomo, wala hakuwapo mjini kushawishiwa arudi kazini. Pili, huko Thiès watu wa reli walikuwa na duka lao la ushirika, nalo liliwapa chakula kwa mkopo. Tatu, wanawake walikwenda sokoni. Kuuza samaki, mboga na vyakula vilivyopikwa ilikuwa kazi yao tangu zamani, lakini sasa faida ile ndogo ndiyo iliyokuwa mshahara wa nyumba. Nne, wafanya biashara Waafrika walitoa michango, kwa maana walijua kwamba mgomo utakapokwisha wateja wao watakuwa watu hao hao. Michango ilifika pia kutoka kwa wafanya kazi wa Ufaransa. Watu walihesabu, wakagawa, wakaulizana nani ana mgonjwa. Kazi hiyo sisi tunaijua. Ndiyo kazi ya mweka hazina wetu kila mwisho wa mwezi.

Inafaa kutoa tahadhari moja hapa. Wengi waliosikia habari za mgomo huu walizipata katika riwaya mashuhuri ya Sembène Ousmane, iliyochapwa mwaka 1960, ambamo wanawake wanatembea kwa miguu kutoka Thiès hata Dakar. Wanahistoria waliopekua majalada na kuwauliza wazee walioushuhudia mgomo hawakupata dalili ya safari hiyo. Mwandishi wa riwaya ana ruhusa yake. Lakini sisi twaona kwamba mwanamke aliyekaa sokoni miezi mitano akarudi na chakula kila jioni alifanya jambo gumu zaidi ya matembezi ya siku chache, ijapokuwa ni vigumu kulitungia hadithi.

Wakubwa wa siasa hawakusaidia sana. Lamine Guèye na Léopold Senghor walikuwa wajumbe katika Bunge la Paris, nao hawakusimama hadharani upande wa wagomaji. Huko Cote d'Ivoire, alikokuwa na nguvu Félix Houphouët-Boigny, watu wa reli walirudi kazini mapema Januari 1948, na umoja wa reli nne ukavunjika. Hao hatuwalaumu kwa haraka. Nchi yao ilikuwa na mashamba ya kahawa na kakao yanayongojea magari, na wenye mashamba walikuwa ndugu zao. Huko Sudani mjumbe Fily Dabo Sissoko naye aliwataka watu warudi, lakini waliomfuata walikuwa wachache. Hata Seydou Nourou Tall, shehe mwenye heshima kubwa katika nchi zile, aliwahimiza watu warudi, nao walikataa. Kwa watu waliozoea kutii mashehe hilo halikuwa jambo jepesi, na twadhani kila nyumba ilikuwa na usiku wa mabishano kwa ajili yake.

Mapema mwaka 1948 alifika mtawala mpya, Paul Béchard, naye hakuwa na haja ya kulinda heshima ya maneno yaliyosemwa na mwenzake aliyemtangulia. Akatoa mapatano: pande zote mbili zipate kidogo na zikose kidogo, mshahara uongezwe kwa asilimia 20, na mtu asiadhibiwe kwa sababu ya kugoma. Tarehe 19 Machi 1948 watu walirudi kazini.

Je, walishinda? Jibu si la neno moja. Hawakupata yote waliyoyadai, na wenye reli, walipoona kwamba mtu wa daraja ana gharama, walianza kupunguza idadi ya watu. Lakini katika miaka michache karibu theluthi moja ya wafanya kazi walikuwa wameingia katika daraja, hali kabla ya mgomo walikuwa sehemu ndogo sana. Mwaka 1952 Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria ya kazi kwa makoloni yake ya Afrika, na kuanzia mwaka 1956 posho ya watoto ilianza kulipwa hata kwa wafanya kazi wa makampuni. Ile hesabu ya zamani, ya mtu mmoja asiye na nyumba, ilikuwa imeanza kufutwa.

Kwetu hesabu hiyo ilikuwa ile ile. Wale waliokaa katika landi za reli huko Muthurwa wanakumbuka chumba kimoja kilichopimwa kwa kitanda cha mwanamume, na mama aliyekuja kumtembelea mumewe kutoka bara akawa kama mgeni asiye na ruhusa. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Bwana Carpenter, mkuu wa idara ya kazi, ilikiri kwamba mshahara wa chini wa Mwafrika ulipimwa kwa haja za mtu asiye na jamaa, ikashauri upandishwe hatua kwa hatua mpaka uweze kulisha mke na watoto. Miaka yote ya kabla ya hapo ni nani aliyelipa tofauti? Ililipwa na shamba la nyumbani na jembe la mke, na mjini ililipwa na vyama kama hiki chetu, kwa senti za wanachama, kila mtoto alipougua au mtu alipokufa mbali na kwao.

Ibrahima Sarr aliingia katika serikali ya Senegal akawa waziri chini ya Mamadou Dia. Mwezi wa Desemba 1962 Dia aligombana na Rais Senghor, na Sarr akakamatwa pamoja naye. Alihukumiwa kifungo cha miaka 20, akapelekwa Kédougou, mji ulio mbali kusini mashariki ambako reli haifiki. Alifunguliwa mwaka 1974, akafa mwaka 1976.