Mazoezi yenye Kipimo kwa Watoto Wenye Ugonjwa wa Misuli wa Duchenne

Ugonjwa wa Duchenne ni ugonjwa wa kijenetiki unaodhoofisha misuli hatua kwa hatua, na huwapata hasa watoto wa kiume. Jina lake linatokana na Guillaume Duchenne, tabibu wa Ufaransa aliyeueleza kwa kina katika karne ya 19. Mwili wa mgonjwa hushindwa kutengeneza distrofini, protini inayokinga seli za misuli zisijeruhiwe zinapofanya kazi.

Dalili huonekana kwa kawaida kati ya umri wa miaka 2 na 5. Mtoto huanguka mara kwa mara, hupanda ngazi kwa shida, na anapoinuka kutoka sakafuni hujisukuma kwa mikono juu ya mapaja. Vigimbi vyake huweza kuwa vinene, hata wazazi wakadhani ana nguvu.

Baadhi ya familia humlazimisha mtoto kukimbia kwa kumdhania mvivu. Nyingine humzuia hata kucheza kwa kuhofia ataumia. Njia zote mbili zina madhara. Msuli usio na distrofini hujeruhiwa zaidi unapobeba uzito huku ukirefuka, kama wakati wa kushuka ngazi au kuruka. Kwa sababu hiyo, mazoezi ya namna hiyo na kunyanyua vitu vizito havishauriwi. Vilevile, kukaa bila kujongea hukaza viungo, hudhoofisha mifupa na kupunguza nguvu iliyosalia.

Mazoezi yanayofaa ni mepesi na ya mara kwa mara. Kuogelea chini ya uangalizi kunafaa kwa kuwa maji hubeba uzito wa mwili. Kuendesha baiskeli ya mazoezi pia kuna manufaa. Katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2013 na kuhusisha watoto 30, waliofanya mazoezi ya baiskeli yenye msaada wa mota kwa wiki 24 walidumisha uwezo wao wa kujongea, ilhali uwezo wa wenzao wasiofanya ulipungua.

Kunyoosha vifundo vya miguu, magoti na nyonga hufanyika angalau siku 4 hadi 6 kwa wiki. Mzazi anaweza kufundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia ili afanye kazi hiyo nyumbani. Vifaa vya kushikilia vifundo wakati wa usiku huchelewesha kukaza kwa miguu. Hapa nchini, wataalamu wa kutengeneza vifaa hivyo hufundishwa katika Chuo cha TATCOT, Moshi.

Zoezi lisimamishwe mara moja mtoto anapochoka sana au kuumwa misuli. Maumivu yakiendelea hadi siku inayofuata, kipimo kilikuwa kikubwa. Mkojo ukiwa na rangi ya chai iliyokolea baada ya mazoezi, mtoto afikishwe hospitali bila kuchelewa. Moyo na mapafu pia vichunguzwe mara kwa mara, kwani navyo huathirika.

Mtoto anapohamia kwenye kiti mwendo, huduma za utengamao hazikomi. Mikono, mgongo na upumuaji huendelea kuhitaji uangalizi. Mazoezi hayaponyi ugonjwa huu. Hata hivyo, yakifanywa kwa kipimo, humwezesha mtoto kujilisha, kuandika na kukaa na wenzake darasani kwa muda mrefu zaidi. Mzazi anayeona dalili zilizotajwa anashauriwa kumpeleka mtoto katika kituo cha afya mapema.