Wafinyanzi Wasio na Gurudumu

Mwaka 1906, moto wa vita vya Majimaji ukiwa haujazimika sawasawa, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alifika Lindi, akaingia bara hadi Masasi, kisha akapanda uwanda wa Makonde na kupiga kambi Newala. Alikuja kukusanya, na alikusanya kweli: vinyago, ngoma, hata nyimbo alizozinasa kwa fonografu. Katika kitabu chake cha safari hiyo, kilichotoka 1908, zimo picha za mwanamke wa Kimakua akifinyanga chungu hatua kwa hatua. Gurudumu la mfinyanzi halimo katika picha hizo. Ni mikono tu na udongo.

Kutoka Masasi kwenda kaskazini si mbali kufika Nachingwea, na mbele yake ndiko Ruangwa. Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde wa upande huu wameishi kwa kuoana na kuuziana vitu, na chungu ni kimojawapo cha vitu vilivyozunguka kati yao. Ufinyanzi wa kusini ni kazi ya wanawake, na njia yake ni ileile inayojulikana karibu kote Afrika Mashariki. Udongo wa mfinyanzi huchimbwa mabondeni, hutwangwa, hutolewa mawe na mizizi, huchanganywa na mchanga au vigae vilivyosagwa, kisha hukandwa mpaka ushikane. Chombo hujengwa kwa vidole. Gunzi la mahindi huparuza, kipande cha kibuyu hulainisha, kokoto kutoka mtoni hung'arisha. Huanikwa kivulini siku kadhaa, maana jua kali hukipasua, halafu huchomwa uwanjani katikati ya kuni, magome na nyasi kavu, bila tanuri.

Msomi wa mjini akisikia hayo husema "teknolojia duni." Hapo ndipo anapokosea. Chungu cha namna hii huchomwa kwa joto lisilofika hata nyuzi 1,000, kwa hiyo udongo wake hubaki na vitundu vidogo, na zile chembe za kigae kilichosagwa huzuia ufa usisambae. Ndiyo sababu kinaweza kuwekwa juu ya mafiga, moto ukikilamba upande mmoja, kisipasuke. Bakuli zuri la dukani, lililochomwa kwa nyuzi 1,200 na kupakwa vioo, yaani utando unaong'aa na kuziba matundu, likiwekwa hapo litapasuka kabla kunde hazijachemka. Vitundu hivyo hivyo ndivyo vinavyoupoza mtungi: maji hupenya kidogo hadi nje, hukauka kwa upepo, na yaliyobaki ndani huwa baridi. Na kwa kuwa chungu kipya huvuja, hupikiwa kwanza uji mzito ili wanga uzibe matundu. Aliyegundua haya yote hakuwa na maabara, ila alikuwa na wajukuu waliokula chakula chake na kumwambia ukweli.

Umri wa kazi hii tunaujua kwa sababu chungu hufa lakini kigae hakiozi. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, wageni walivutiwa na mabakuli ya China na Uajemi. Lakini vigae vingi kabisa vya miji ya pwani ni vya wafinyanzi wa hapa hapa. Mchina alipamba meza ya tajiri. Jikoni alitawala mama wa Kiswahili na chungu chake. Katika miaka hiyo hiyo Robert Soper alichimba Kwale, Kenya, akapata vyungu vya wakulima na wafua chuma wa karne za mwanzo baada ya Kristo, na baadaye Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaufuatilia mtindo huo kusini, Rufiji na kwingineko. Hoja ya kwamba ustaarabu wa pwani uliota hapa, haukuletwa kwa jahazi, imesimama kwa sehemu kubwa juu ya vigae vya wanawake ambao hakuna aliyeandika majina yao. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga. Wanahistoria nao wamekula humo humo.

Sufuria ilikuja baadaye. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao wa karanga, wakafyeka mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kupanda bara. Mwanzoni mwa 1951 waliutupilia mbali, hasara ikiwa mamilioni ya pauni, na reli nayo iliishia kung'olewa. Kilichobaki Nachingwea ni mji na mazoea ya mshahara. Kwa maoni yangu, huko ndiko chungu kilipoanza kupungua: duka lilifuata mshahara, na sufuria ikafuata duka.

Huko Afrika Magharibi, Mwingereza mwingine alikuwa amekwisha kuonja kushindwa kwa aina hiyo. Michael Cardew alikuwa mwanafunzi wa Bernard Leach, aliyefungua karakana ya ufinyanzi St Ives, Uingereza, mwaka 1920 pamoja na Mjapani Shoji Hamada. Walichokipenda watu hao ni mfinyanzi mmoja kuifanya kazi yote kwa mkono, tangu udongo mpaka moto, kinyume cha kiwanda. Ufinyanzi wa studio, kama unavyoitwa leo, umetoka huko kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1942 serikali ya kikoloni ilimpeleka Cardew Achimota, Ghana ya leo, na kinyume cha imani yake mwenyewe akaambiwa ajenge kiwanda kikubwa Alajo. Kilifungwa 1945.

Baadaye, Abuja ya Nigeria (Suleja ya leo), alianzisha kituo cha mafunzo. Mwaka 1954 akaingia Ladi Kwali, mwanamke aliyekwisha kujulikana kwao kwa mitungi yake yenye michoro ya mijusi na samaki. Cardew alimpa gurudumu na vioo. Ladi akavipokea, lakini mitungi yake mikubwa aliendelea kuijenga kwa mkono, akiizunguka yeye badala ya kuizungusha. Wakati huo ilipakwa vioo na kuchomwa katika tanuri, ikapelekwa London, watu wakashangaa. Nami naishangaa kwa sababu nyingine: mtungi uliozibwa kwa vioo haupozi tena maji. Ulipata makumbusho, ukapoteza kazi. Leo sura ya Ladi Kwali iko nyuma ya noti ya naira 20. Noti zetu za Tanzania zina simba, kifaru na tembo.

Mwaka 1974 akafika Abuja msichana wa Kenya aliyekuwa akisoma Uingereza, Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950. Alikaa na Ladi Kwali na wenzake, akarudi na uamuzi ambao Cardew hakuufikia: aliacha gurudumu, akaacha na vioo. Vyombo vyake hujengwa kwa mikono, hupakwa udongo laini mwembamba, hung'arishwa kwa kusuguliwa, kisha huchomwa, mara vikitoka vyekundu, mara vyeusi kwa kufungiwa moshi. Asiyejua atadhani ni ubunifu wa London. Bibi wa Ruangwa angetambua kila hatua, isipokuwa tanuri, na labda angeuliza kinapikia nini.

Odundo alitunukiwa cheo cha Dame mwaka 2020, na vyombo vyake vimo katika British Museum. Gulioni, chungu hupimwa kwa namna nyingine: mnunuzi hukiinua, hukigonga kwa kidole na kusikiliza. Kikilia vizuri kimeiva, kikitoa sauti butu kina ufa, na bei inaanza kushuka hapo hapo. Kwenye makumbusho kipimo hicho hakiwezekani, kwa kuwa kugusa ni marufuku.