Msomaji wa Andiko Alikaa Wapi?

Kabla mtafiti hajamtoa damu mvuvi wa kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, andiko la mradi limekwishamtangulia. Kuna mtaalamu aliyelisoma, akalipa alama, akashauri lifadhiliwe au lirudishwe. Historia ya utafiti jijini Mwanza inaweza kufuatwa kwa swali moja: msomaji huyo alikaa wapi?

Mwaka 1949, kituo cha utafiti wa matende kilipoanza Mwanza, meza ya msomaji huyo ilikuwa London. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1940 ilitenga hadi pauni 500,000 kwa mwaka kwa utafiti wa makoloni, na kamati za mabingwa wa huko ndizo zilizoishauri Wizara ya Makoloni.

Baada ya uhuru meza ilisogea polepole. Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi (UTAFITI) liliundwa mwaka 1968. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, taasisi yake ya utafiti wa tiba iliyokuwa Mwanza ilibaki yatima, hadi sheria ya mwaka 1979 ilipounda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Mwaka 1986 ikaja Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kushika nafasi ya UTAFITI.

Mezani wenyeji walikuwepo. Mfuko ulibaki ugenini. Utafiti uliolipa jina jiji hili duniani ulianza mwaka 1991 katika jamii 12 za mkoa, sehemu kubwa ya fedha ikitoka Ulaya. Matokeo yake, yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1995, yalionyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40.

Kusoma maandiko nyumbani kuna ugumu wake. Wanasayansi wa ziwa si wengi. Mwombaji aweza kuwa mwanafunzi wako wa jana au mshindani wako wa kesho. Mwenye mgongano wa maslahi hutakiwa kutamka na kupisha.

Lakini mwenyeji huona lisiloonekana kutoka mbali. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wengi hupumzika na baadhi hurudi makwao. Andiko likisema wavuvi watahesabiwa kisiwani kwa wiki mbili za Machi, asiyelijua ziwa ataangalia bajeti. Anayelijua atauliza kwanza: wiki zipi, za giza au za mbalamwezi?