Rejesho la Fedha kwa Mteja: Mgawo wa Tigo Pesa wa Mwaka 2014 na Mkulima wa Singida

Kumrejeshea mnunuzi sehemu ya fedha yake si jambo geni: duka la ushirika la Rochdale, Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1844, liligawa ziada kwa kadiri ya manunuzi. Mwaka 2014 Tigo Pesa iliwagawia watumiaji wake nchini Tanzania, takribani milioni 3.5, shilingi bilioni 14.25, wastani wa shilingi 4,000 hivi kila mmoja. Haikuwa hisani, bali riba ya fedha zao wenyewe zilizohifadhiwa benki. Kipimo, hata hivyo, kilikuwa wastani wa salio la kila siku. Mkulima wa alizeti wa Iramba, mkoani Singida, anayepokea malipo ya mavuno kwa simu na kuyatoa upesi kwa wakala ili awalipe vibarua, hukatwa ada papo hapo ilhali salio lake halikai. Kwa kipimo cha Rochdale, angepata gawio kubwa zaidi.