Memori ipi: kumbukumbu au hifadhi?

Katika maduka ya simu ya Barabara ya Oginga Odinga, Kisumu, neno "memori" limebebeshwa mzigo wa maneno mawili. Mteja akiomba aongezewe memori kwenye kifaa chake cha michezo, fundi hulazimika kumuuliza: ipi?

Swali hilo ni la pesa. Steam Deck, kifaa cha mkononi kilichotolewa na kampuni ya Valve mwaka 2022, kina gigabaiti 16 za kumbukumbu ya kazi, yaani RAM, iliyochomelewa kwenye bodi. Hiyo si ya kuongeza dukani. Nafasi ya kuweka michezo, iliyoanzia gigabaiti 64, ndiyo hubadilishwa: kipande cha upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 30 hutolewa, kikaingizwa cha terabaiti 2.

Hii ya pili mimi naiita hifadhi. Aliyekariri Kurani nzima husemwa ameihifadhi. Nayo Hifadhi ya Impala, pale kando ya ziwa, huwatunza wanyama wasitoweke. Kote humo kitu kimewekwa kikadumu. Kumbukumbu ya kazi haidumu: ukizima kifaa, yaliyomo hufutika. Kiswahili kinaimudu tofauti hiyo vizuri mno, ila sisi hatukitumii.

Mafundi wa Kisumu, andikeni "hifadhi" kwenye risiti. Nawe mnunuzi, kadi ya hifadhi ipimwe kwa programu kabla hujalipa, kwani zipo bandia zinazojitangaza kuwa na terabaiti zisizokuwemo.